Wakongwe wa Bendi Warejea Mtaani na Vijiti Mkononi

Mtu aliyekulia Eastlands, Nairobi, huitambua Jumapili kwa masikio. Asubuhi waumini wa African Israel Nineveh, wenye kanzu na vilemba vyeupe, huwa wameshashika njia na bendera zao, ngoma mbele, wakikata kona za Shauri Moyo na Makongeni kwa mwendo ulio nusu matembezi na nusu dansi. Upande wa pili Akorino nao wanapiga za kwao. Jeshi la Wokovu hupita na sare zilizopigwa pasi, tarumbeta zikimeta, wasichana wakitikisa matari. Na kama timu ya soka ya Ingwe ina mechi alasiri katika uwanja wa City, ambao sasa unaitwa jina la Joe Kadenge, ngoma za isukuti huanza kuunguruma kando ya Jogoo Road kabla watu hawajala chakula cha mchana.

Bendi za vijana zilikuwa sehemu ya mvumo huo, na ndizo ninazozikosa leo. Makanisa mengi yenye Boys' Brigade au skauti, pamoja na shule kadhaa, yalikuwa na bendi yake ya gwaride: ngoma ndogo za kuning'iniza begani, ngoma kubwa moja ya kifuani, matoazi, buruji, yaani ile tarumbeta fupi isiyo na vitufe, na kijana mrefu wa kutangulia na fimbo ya kuongozea. Mimi nilipiga ngoma ndogo katika bendi ya namna hiyo, ya kanisa, miaka ya themanini. Majuzi, sisi tuliosalia tulikusanyika tukapiga tena hadharani, katika mitaa ileile tuliyokuwa tukipita tukiwa wavulana. Ninaandika kwa sababu ya yaliyotokea alasiri hiyo, na kwa sababu sitaki yaishie kwenye picha za simu.

Wazo lilizaliwa matangani, mahali ambapo watu wa rika letu hukutana siku hizi kuliko harusini. Mwenzetu aliyekuwa akipiga matoazi alikuwa amefariki. Usiku, tukiwa tumeketi chini ya hema tukichanga pesa za mazishi, mmoja wetu akaanza kugonga kwa vidole kwenye kiti cha plastiki mpigo tuliokuwa tukiutumia kuingia uwanja wa kanisa. Kiti cha pili kikaitikia, kisha cha tatu. Mjane akatoka ndani kusikiliza. Akatuuliza kwa nini hatukumpigia marehemu mpigo huo alipokuwa hai, ilhali kila Jumapili jioni mumewe alikuwa akimsimulia habari za bendi. Hakuna aliyekuwa na jibu la kumpa mama yule. Kabla ya mazishi kukawa na kikundi cha WhatsApp, na ndani yake majina ambayo sikuwa nimeyasikia kwa zaidi ya miaka thelathini, wengine wakiwa Kitengela, wengine Ruai, wengine wamesharudi Kakamega na Murang'a kulima.

Ngoma tuliazima. Zetu za zamani zilikuwa zimeishia stoo, ngozi zimepasuka na kamba zimeoza. Katika mazoezi ya kwanza ndipo nilipoona jambo ambalo bado linanishangaza: mikono haisahau. Mtu ambaye hakugusa kijiti tangu Moi akiwa rais alisimama, akaitundika ngoma, na mkono wake wa kushoto ukageuka wenyewe, kiganja kikitazama juu, kijiti kikalala kati ya kidole gumba na cha shahada. Mshiko huo una sababu yake. Ngoma ndogo ya zamani huning'inia kwa mkanda kutoka bega la kulia na kulalia paja la kushoto, kwa hiyo uso wake huinama. Mkono wa kushoto ukishika kijiti kama wa kulia, kiwiko kitapanda hadi sikioni. Hayo tulifundishwa tukiwa na miaka kumi hivi, na mwalimu aliyetugonga vifundo vya vidole kila tuliposahau.

Kisha ukaja mpigo wa kwanza wa mazoezi, ambao wapiga ngoma ndogo wengi hujifunza mapema: kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Taratibu kwanza, kila pigo lisikike peke yake, halafu kasi iongezwe kidogo kidogo mpaka mapigo yaungane na nyuzi za chuma zilizo chini ya ngoma zianze kuchakarika bila kukatika. Tulipofika hapo, mzee mmoja ambaye ni fundi umeme aliyestaafu alifumba macho, na sote tukanyamaza tumsikilize yeye.

Wapiga buruji hawakubahatika hivyo. Buruji haina vitufe; sauti zake chache zote hutengenezwa kwa midomo na pumzi, na misuli ya midomo isipotumiwa hulegea. Walipuliza wakatoa upepo. Walirudi nyumbani wakafanya mazoezi kila siku, wakawachosha majirani, na bado siku yenyewe walitoa sauti tatu safi na nyingine wakatuachia tuzikisie. Ninawaheshimu kwa hilo kuliko ninavyojisifu mimi, kwa maana wao walilazimika kujifunza upya.

Zamani hatukuwa na ngoma za kutosha kila mtu kufanyia mazoezi. Tulipiga juu ya madawati, juu ya tairi kuukuu, juu ya ndoo iliyopinduliwa, juu ya godoro lililokunjwa ili tusiamshe watoto. Mtu akiishi chumba kimoja na wazazi na ndugu, kama wengi wetu tulivyoishi, hawezi kupiga ngoma ndani jioni. Kwa hiyo nje ya nyumba, kwenye kibaraza, ungeona vijana wamejipanga wakipiga magoti yao wenyewe kwa vijiti. Mama yangu aliujua mpigo wa kuingilia kanisani kabla sijaruhusiwa kuupiga kanisani.

Ngozi nazo zilikuwa na tabia zake. Ngozi ya mnyama hunywa unyevu. Julai, Nairobi inapokuwa na baridi na manyunyu, ngoma zililegea zikawa zinatoa mlio wa kadibodi, nasi tukazianika juani jua likitokea, au tukazizungusha kando ya jiko la makaa, huku mmoja akilinda zisiungue. Kiangazi ngozi ilikaza mpaka tukaogopa kuipiga. Ngozi za plastiki zilianza kuuzwa Marekani katika miaka ya hamsini, na wenye pesa zao walizihamia mara moja. Sisi tulibaki na za mbuzi kwa muda mrefu, na ninaamini ndiyo sababu tulijifunza kusikiliza. Kila asubuhi ilibidi uijue upya ngoma yako.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya ngoma kubwa, ingawa watoto wadogo waliidharau kwa kuwa mapigo yake ni machache. Pigo lake la kwanza ndilo mguu wa kushoto. Bendi ya gwaride hutembea hatua kama 120 kwa dakika, na anayeuweka mwendo huo si kiongozi wa mbele mwenye fimbo, ni yule wa nyuma mwenye ngoma asiyeona anakokwenda. Akiharakisha kwa woga, watoto wa mstari wa mwisho wanakimbia. Akichelewa, bendi nzima inajikanyaga. Mpiga ngoma kubwa wetu ndiye aliyekuwa mpole kuliko sisi sote, na sijui kama walimchagua kwa upole huo au ngoma ndiyo iliyomfunza.

Siku ya siku tulianzia mbele ya kanisa, tukapita kando ya Maringo kuelekea Jericho. Amri ya kuanza ilipotolewa, ngoma ndogo zikavuma, ngoma kubwa ikaanguka kwenye mguu wa kushoto, tukaondoka. Sare hazikuwepo, tulivaa mashati meupe na suruali nyeusi. Wenye matumbo walijikaza. Kinamama waliokuwa wakiuza mboga walisimama. Wahudumu wa boda boda walizima injini zao bila kuombwa. Na watoto, ambao wengi wao hawajawahi kuona bendi ya namna hii ila kwenye televisheni siku ya Madaraka, wakajipanga nyuma yetu na kuanza kuinua magoti. Hakuna aliyewafundisha. Ndivyo nasi tulivyoanza, nyuma ya bendi ya kaka zetu.

Jambo hili lina nasaba ndefu kuliko kanisa letu. Kabla ya karne ya 19 kuisha, watumwa walioachwa huru na kuwekwa Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, walikuwa na bendi ya tarumbeta chini ya wamisionari. Vijana wa pwani waliitazama, wakaitazama pia bendi ya majeshi ya Mwingereza, kisha wakabuni ya kwao: beni. Mombasa ikagawanyika katika vyama vilivyoshindana, Kingi na Scotchi, kwa gwaride, mavazi na vyeo vya kijeshi vya kujipa. Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza beni hadi bara pamoja na askari wa King's African Rifles na wapagazi. Mwanahistoria Terence Ranger alitoa kitabu kizima juu ya mambo haya mwaka 1975, na aliona kitu ambacho wakoloni wengi hawakukielewa: vijana wale hawakuwa wakimwiga Mzungu kwa kumtamani. Walikuwa wakijipanga. Chama cha beni kilizika maiti, kilisaidia mgeni mjini, kilimpa mtu asiye na cheo cheo mbele ya wenzake.

Eastlands imejengwa juu ya kumbukumbu hizo. Kariokor inabeba jina la kikosi cha wapagazi wa vita vile. Soko la Burma linakumbusha vita vya pili, ambamo Fundi Konde alipiga gita katika kikosi cha burudani cha jeshi kabla ya kuwa nyota wa rekodi. Mtaa wa Mbotela, jirani na njia tuliyopita siku ile, umepewa jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU aliyeuawa mwaka 1952, naye alitoka katika ukoo wa Frere Town. Ofafa ni jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka uliofuata. Sisi watoto tulipita na ngoma zetu kati ya majina hayo bila kujua tunapita kati ya marehemu.

Anayetaka kuona bendi ya Eastlands iliyodumu aende Starehe. Kituo hicho kilianzishwa Novemba 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, kwenye vibanda viwili vya mabati, kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakilala mitaani baada ya Hali ya Hatari ya wakati wa ukoloni kuzivunja familia zao. Griffin alikuwa amekwisha kufanya kazi na vijana waliozuiliwa kambini Wamumu. Alikuwa mtu wa nidhamu ya kwata. Baadaye aliongoza pia huduma ya vijana kwa taifa, NYS, tangu 1964 hadi 1988. Si ajabu basi kwamba shule yake iliipa bendi nafasi ya heshima. Bendi ya Starehe imeonekana katika sherehe za kitaifa na katika maonyesho ya kilimo ya Nairobi, na sisi wa makanisa tulikuwa tukiitazama kwa wivu uliochanganyika na fahari. Wao walikuwa na tarumbeta zenye vitufe, sisi buruji tupu. Wao waliweza kupiga wimbo wa taifa. Buruji haina sauti za kutosha kuupiga. Lakini Starehe ni Eastlands, na walipopita tulipiga makofi kama waliotufungia bao.

Ninachotaka kusema juu ya bendi zile si kwamba zilitulea tukawa watu wema. Baadhi yetu walifungwa. Baadhi walilewa wakapotea. Lakini zilimpa mtoto wa chumba kimoja kitu anachokijua kwa ukamilifu, kitu kisichohitaji karo ya muhula wala Kiingereza, na zilimpa watu wanaomsubiri saa nane mchana Jumamosi. Asipokuja, pengo lake lilisikika. Kwa mtoto wa mtaani, kujua kwamba asipokuwepo kuna sauti inayokosekana ni jambo kubwa kuliko mahubiri mengi niliyowahi kuyasikia. Waliokuwa na kipaji zaidi walichukuliwa na bendi za polisi na jeshi, na wakapata mshahara na pensheni kwa ajili ya walichojifunza juu ya ndoo.

Kabla ya kuanza gwaride letu mwenzetu mmoja alisoma majina. Orodha ya waliofariki ilikuwa ndefu kuliko ya waliokuwepo, na wengi wao hawakufa uzeeni. Kenya ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Kufikia wakati huo mstari wetu wa ngoma ndogo ulikuwa umekwisha kupoteza karibu nusu yake, na kwa miaka ile hakuna aliyesema kwa sauti walikufa kwa nini. Tuliwazika tukasema ni kifua, ni malaria, ni kurogwa. Hata bendi haikuitwa kuwapigia, kwa sababu familia zilitaka mazishi yapite upesi. Siku ile tulisimama tukasema majina yao yote na ugonjwa wao. Tulichelewa kwa miaka mingi mno, na dada wa mmoja wao, aliyekuwa amesimama kando ya barabara, alituambia hivyo waziwazi. Alikuwa na haki.

Kuna deni jingine. Wasichana hawakuruhusiwa kugusa ngoma. Waliimba, walishika tari, walishona vishada vya sare zetu, na walijua kila mpigo kwa sababu walikaa nasi uani tukifanya mazoezi. Mmoja wao, sasa nyanya wa wajukuu watano, alikuja kututazama. Tulipokuwa tukipumzika alichukua vijiti kutoka kwa kaka yake akapiga mpigo wote wa kuingilia, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kosa. Alikuwa bora kuliko mimi, na nina hakika alikuwa bora kuliko mimi hata wakati ule. Tulipoteza nusu ya wapigaji wetu kwa desturi isiyokuwa na maana yoyote.

Leo kumbi za kijamii ambako bendi zilihifadhi vyombo vyao zimo katika hali tofauti tofauti. Ule wa Kaloleni, ambako Tom Mboya na wenzake walihutubia umati, bado umesimama. Mtaa wa zamani wa Pangani umebomolewa ukapisha majengo marefu ya ghorofa, na mitaa mingine imo njiani. Sipingi watu kupata nyumba zenye choo ndani. Ninauliza tu kama mchoro wa jengo la ghorofa nyingi una chumba ambamo watoto thelathini wanaweza kupiga ngoma bila kuitiwa askari.

Na wapo wanaofanya kazi hii bila kungoja michoro. Korogocho, kando ya jaa la Dandora, mradi wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008 unawafundisha watoto kupiga fidla, tarumbeta na ngoma, wasichana kwa wavulana, na waliotangulia huwafundisha wanaofuata. Ngazi hiyo ya mwisho ndiyo tuliyoikosa sisi. Tulipokua tukaondoka. Tulipata kazi, tukaoa, tukahamia mbali, na aliyekuwa akitufundisha alipozeeka hapakuwa na wa kushika fimbo. Marekani, ambako waliorudi kutoka vita vya kwanza vya dunia waliwaundia vijana vikosi vya ngoma na tarumbeta, ligi yao kubwa ya Drum Corps International, katika madaraja yake ya vijana, humtoa mpigaji akishapita miaka 22. Waliotolewa wameunda vikosi vya wakongwe, nao hukutana kupiga tena wakiwa na mvi. Tofauti ni kwamba kwao wakongwe wakikutana, bendi ya vijana ipo. Kwetu wakongwe ndio bendi iliyosalia.

Kwa hiyo nawaambia waliowahi kupiga, popote mlipo, wa Bahati, Shauri Moyo, Uhuru, Jerusalem, Eastleigh, Kariobangi: msikutane kwa ajili ya kumbukumbu peke yake. Nendeni kwa mchungaji au kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, mwombe saa mbili za Jumamosi na uwanja. Wachukueni wasichana na wavulana. Anzeni na kulia, kushoto, kulia, kulia. Ngoma zinaweza kuchangiwa baadaye, kama tunavyochangia mazishi. Kwa miezi ya kwanza ndoo zilizopinduliwa na vijiti vya mti vinatosha.